Halbadiri kwa Aliyeua Mwatiko

Gazi, 2 Juni 1997

Ndugu yangu Luqman,

Salaam aleikum. Sisi huku tu wazima, ila mguu wa mama bado haukubali kukanyaga vizuri. Kila Ijumaa huniuliza, "Luqman kaandika?" nami humwambia kaandika, nikamsomea ile barua yako ya zamani. Hufurahi vile vile. Shemeji yako Mbwana yuko jikoni katika hoteli ile ya Diani, akirudi nyumbani ananukia vitunguu na siagi mpaka paka wanamfuata.

Sasa la maana. Unalijua lile jangwa nyuma ya mikoko, penye chumvi tupu, hapaoti hata jani? Wazee wametupa sisi wanawake kumi, tuchimbe bwawa tufuge mwatiko. Lakini wametuwekea sharti: tukishindwa mara hii, pahala panarudi kwao na tusiombe tena. Wanaume wamekaa barazani wanacheka, ati wanawake wa Gazi watafuga samaki kama kuku, asubuhi watawaita ti-ti-ti. Waache wacheke. Wewe umekaa na samaki huko Embu miaka yote hii, hebu tufundishe. Mwenyekiti ni mimi, kwa hivyo usiniaibishe.

Dada yako,
Mwanatumu


Embu, 22 Juni 1997

Dada yangu Mwanatumu,

Shikamoo. Nami mzima, alhamdulillahi. Baridi ya huku inauma mifupa, lakini mwenzangu wa chumbani, Gilbert, ananikopesha koti lake, nalivaa naonekana kama chifu. Mwambie mama barua hii ni mpya, umsomee hii.

Nimefurahi sana kwa habari ya bwawa. Sikiliza basi. Mwatiko si kama ngege tunaofuga hapa. Ngege ukimtia jike na dume, kabla hujageuka bwawa limejaa watoto. Mwatiko hazai bwawani hata umbembeleze. Mama yake hutaga bahari kuu, na vitoto huingia na maji ya bamvua, bahari ijaapo kupita kawaida; ni vyembamba, vinapenywa na mwanga, yanaonekana macho mawili tu. Hukua katika vidimbwi vya mikokoni mpaka wafikie urefu wa kidole. Hao ndio mtakaowavua kwa chandarua maji yakitoka. Mwatiko hana meno, wala hali samaki mwenziwe. Chakula chake ni ule ukoga wa kijani unaoota chini penye jua. Kwa hivyo nyinyi fugeni ukoga, ukoga utawafugia samaki.

Kuhusu kuchimba: shukeni mpaka kiunoni. Matope yote yapandisheni juu yawe matuta, marefu na mapana. Halafu msiwe na haraka. Acheni bwawa na matuta yakauke kwa jua mpaka ardhi ipasuke. Najua matope ya mikoko yananuka kama mayai viza, lakini yakikauka yatatulia. Huku ndivyo tufanyavyo kila mwaka na samaki wananona. Hili la kukausha ulishike sana, dada, hata wenzio wakikuharakisha.

Mdogo wako,
Luqman


Gazi, 28 Septemba 1997

Luqman ndugu yangu,

Niliandika Agosti, nadhani barua haikufika. Bila shaka umesikia redioni mapigano ya Likoni, watu wa bara wakifukuzwa. Kwetu Gazi tulilala macho wazi, lakini hakuna aliyeguswa. Watu wa bara waliokuwa Ukunda wamefunga virago, Kona ya Musa imekuwa kimya mpaka unasikia kuku. Wageni wamekimbia, hoteli zimefungwa moja moja, na Mbwana amerudishwa nyumbani. Amekaa hapa ananifundisha mimi kukata vitunguu. Kwa hivyo, ndugu yangu, tunalotazamia sasa ni bwawa peke yake. Si mimi tu, wanawake wote ni hivyo hivyo. Waume wote wako barazani, na sasa hawacheki tena.

Tumefanya ulivyosema, neno kwa neno. Tulichimba mpaka viuno vikalia. Fauzia, yule uliyesoma naye chuo cha Kurani, alitaka tutie samaki mara moja. Nikamwambia, ndugu yangu kasema tukaushe, basi tutakausha. Tukangoja mpaka matuta yakapasuka kama visigino vya mama. Ndipo tukafungulia maji ya bamvua na kutia mwatiko. Lo, ungewaona! Asubuhi jua likipiga wanapita kundi zima, migongo inameta, wanaunyonya ukoga. Sasa wamepita shibiri. Tumekubaliana kuwavua kabla ya Ramadhani.

Lakini Fauzia ametoka kikundini. Tuligombana kwa ajili ya zamu ya kufukuza ndege. Alisema nampangia zamu za jua kali, mimi nikakaa kivulini kwa uenyekiti. Nami nilimjibu, unanijua sina akiba ya maneno. Akaondoka akisema, "Kaeni na samaki wenu, nao watawatokea puani!" Mbele ya watu wote.

Mama anasema ukija usije mikono mitupu, uje na mke.

Mwanatumu


Gazi, 16 Novemba 1997

Luqman,

Sijui kama barua itakufikia, daraja zimekatika. Mama hajambo. Nyumba inavuja, tunahama na kitanda kutoka pembe hii kwenda pembe ile.

Mwatiko wamekufa. Wote.

Mvua hii redio inaiita Elinino, mimi naiita adhabu. Ilinyesha siku nenda siku rudi. Bwawa halikupasuka, matuta yako yalisimama imara, nikawa najisifu. Kisha asubuhi moja Kadzo, aliyekuwa zamu, akaja mbio anapiga mayowe. Tukaenda. Luqman, maji yalikuwa maangavu kama ya kunywa, unaona mpaka chini, na chini huko mwatiko wamelala ubavu, safu kwa safu. Waliobaki hai walikuwa wakitoa midomo juu wakitafuta pumzi, na wao wakafa tukiwatazama. Kaa walikuwa wametoka majini wamening'inia kwenye mikoko. Nilipofunua samaki mashavu, ndani mlijaa kitu chekundu cha rangi ya kutu. Nani anakufa hivyo ila aliyetiliwa sumu?

Nililia, sitaki kukuficha. Nilikaa matopeni nikalia kama mtoto.

Kila mtu alijua ni nani. "Watawatokea puani," si alisema mwenyewe? Wengine walitaka kwenda kumburura nyumbani kwake. Nikasimama mimi, nikasema, hapana, hatumpigi mtu. Tutasoma Halbadiri. Mwenye haki atabaki, na aliyefanya Mungu atamwonyesha. Tukamwita mwalimu wa chuo. Alituonya sana, akasema dua hii ya kumshtaki mdhalimu kwa Mungu ili apatwe na maradhi si mchezo, haina macho ya kuchagua jamaa wala jirani, na ikishasomwa haifunguliwi mpaka mkosa aombe radhi na wenye haki wote wasamehe. Nikasema tumesikia, soma.

Na Fauzia akaja! Amevaa buibui lake safi, ameshika ubani mkononi. Akasema, "Ubani nimeleta mimi. Someni." Nikawaza, una uso mkavu wewe, ngoja.

Imesomwa. Sasa tunangoja.

Wazee wametuma mtu kuchukua pahala pao.

Dada yako


Embu, 18 Januari 1998

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya muda mrefu, bahasha imelowa na kukauka tena. Poleni sana. Ramadhani hii nimeifunga nusu tu, nitalipa Mungu akipenda. Usimwambie mama.

Nina maswali, nijibu hata kama yatakuwa ya ajabu kwako. Matuta yalipokauka, yalitoa unga wa manjano kwenye nyufa? Yale maji, mlionja? Yalikuwa makali ulimini kama ndimu? Konokono waliokuwa bwawani, makombe yao yalikuwa magumu, au yalivunjika kama karatasi?

Na tena, nieleze maneno hasa yaliyosomwa siku ile. Mlimwombea nani apatwe? Mlisema aliyetia sumu, au mlisemaje?

Msalimie shemeji Mbwana.

Luqman


Gazi, 15 Februari 1998

Luqman,

Idi imepita, tumekula wali mkavu tukamshukuru Mungu. Mama alivaa leso uliyomtumia mwaka juzi.

Una maswali kama ya polisi. Ndiyo, matuta yalitoa unga wa manjano, watoto walikuwa wakijipaka usoni wakicheza ngoma. Maji sikuonja mimi, Kadzo alionja akatema, akasema siki. Na makombe yalilainika, ukibonyeza yanavunjika. Sumu gani hiyo? Kama unaijua niambie, tujue Fauzia aliipata wapi.

Maneno niliyasema mimi mwenyewe, mwalimu akayatia katika dua. Nilisema: yeyote aliyeua samaki wetu, kwa mkono au kwa ulimi, awe karibu au awe mbali, asipone mpaka tumsamehe sote. La ulimi nililitia kwa ajili ya Fauzia, asije akasema mkono wake haukugusa maji.

Na ajabu, Fauzia hana hata mafua! Ananenepa. Kila nikipita ananisalimia.

Sasa nikuulize mimi. Mtoto wa jirani yetu Thoya amerudi kutoka Embu, anasema alikuona sokoni hakukutambua, umekonda mpaka shati linakutembea. Nimemwambia asinitabirie mabaya. Ni kweli au ni umbea? Mwandiko wako pia siupendi, unatetemeka.

Mwanatumu


Embu, 8 Machi 1998

Dada,

Shikamoo. Kaa kitako kabla hujasoma.

Hakuna aliyetia sumu. Januari, kabla sijakuuliza yale maswali, alipita hapa bwana samaki mmoja wa serikali, nikamweleza kama habari ya watu wengine. Alisema matope ya mikoko yana ukali umelala ndani yake. Yakibaki chini ya maji ya bahari hayana neno. Ukiyatoa ukayaanika juani, ule ukali unaamka, ndio ule unga wa manjano, na mvua kubwa ikija inauosha wote bwawani kwa mara moja. Maji yanakuwa siki. Ile kutu inaziba mashavu ya samaki, wanakosa pumzi. Akasema, "Aliyewaambia wakaushe matope hayo ndiye aliyewaua hao samaki." Alisema hivyo akinitazama, bila kujua.

Udongo wa huku ni mwekundu, wa mlimani, haujui bahari. Nilifundisha la huku nikadhani ni la kila mahali. Na nilisisitiza. Unakumbuka nilivyosisitiza.

Dada, ni mimi. Kwa ulimi, na kwa mbali.

Ni kweli nimekonda. Hospitali wamenipima, wanasema ni kifua kikuu, wamenipa dawa za miezi mingi, na wanasema nikizimeza zote nitapona. Gilbert ananiambia, "Meza, bro, hii kitu inatibika." Nilimeza mpaka barua yako ilipokuja. Sasa nikishika kidonge mkono unakataa. Dawa ya hospitali itaondoa vipi kilichosomwa na watu wenye haki? Najua utasema ni ujinga. Hata mimi mchana husema ni ujinga.

Nakuomba jambo moja. Wakusanye wanawake wote, na Fauzia awepo. Wasomee barua hii yote, usiruke. Wanisamehe, mwalimu aifungue dua. Nikipata habari hiyo nitameza dawa siku hiyo hiyo. Wallahi nitameza.

Mdogo wako


Gazi, 29 Machi 1998

Luqman mdogo wangu,

Imekwisha! Niliwakusanya juzi, na Fauzia alikuwepo. Nimewasomea barua yako yote. Wamelia, wamekusamehe wote kwa kinywa kimoja, mwalimu ameifungua dua, tumesoma fatiha. Fauzia ndiye wa kwanza kusema nimesamehe.

Basi meza dawa. Meza leo. Usinijibu kabla hujameza.

Mama anakuombea. Hajui kitu.

Mwanatumu


Embu, 26 Aprili 1998

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Nilimeza siku ile ile, Gilbert ni shahidi. Sasa nakula ugali nikamaliza, na juzi nilitembea mpaka kwenye mabwawa nikawalisha ngege kwa mkono wangu. Kikohozi kimepungua. Daktari amenipiga bega.

Sikuweza kukaa kimya. Nimemwandikia Fauzia barua yake mwenyewe kumshukuru. Mtu aliyesingiziwa mbele ya mji mzima, naye akawa wa kwanza kusamehe! Moyo gani huo? Nimemwambia nikija Gazi nitakwenda kwake kabla sijafika kwa mama.

Mmefanya jambo kubwa. Sina la kuwalipa.

Luqman


Gazi, 31 Mei 1998

Luqman,

Leo sina salamu.

Fauzia alikuja Ijumaa na barua yako mkononi. Tulikuwa tunapara samaki nyumbani kwa Kadzo, wote tupo. Alisimama mlangoni akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Luqman ananishukuru kwa kumsamehe. Nimemsamehe nini, Mwanatumu? Lini?"

Sikuwasomea. Niliikunja barua yako nikaitia ndani ya mto. Niliona aibu, Luqman. Mimi ndiye niliyemtaja Fauzia, mimi niliyesema Halbadiri, mimi niliyetia lile la ulimi. Nilisimama mbele yao nikasema ndugu yangu kasema tukaushe. Wangenitazama vipi? Nikajiambia, dua ni dua, Mungu anajua kuwa mimi nimekusamehe, wewe meza dawa tu upone. Na ulikuwa unapona! Mwenyewe umeandika ulikuwa unapona.

Fauzia ameniambia amekuandikia, akakujulisha kuwa hakuna kilichosomwa wala kufunguliwa. Aliandika siku ile barua yako ilipomfikia, kabla hajaja kwetu. Hakujua habari ya dawa. Nilipomweleza alikaa chini akashika kichwa.

Siku ile ile nikaileta barua yako nikawasomea, mpaka lile neno la mwisho. Wamekusamehe. Sasa ni kweli, Luqman, naapa kwa mguu wa mama. Fauzia alisema, "Luqman simdai. Huyu dada yake ndiye ninayemdai. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu amemwingiza nduguye." Mwalimu amekuja, dua imefunguliwa. Nilimwomba Fauzia akuandikie tena kwa mkono wake. Amekataa. Amesema amesamehe mbele ya Mungu na watu, hatumiwi na mimi tena kama karani wangu. Nimempigia magoti, amefunga mlango.

Kwa hivyo una neno langu tu. Najua neno langu lina thamani gani. Meza dawa, baba. Nakuomba. Nipige, nitukane, lakini meza.

Mwanatumu


Embu, 21 Juni 1998

Dada Mwanatumu,

Shikamoo. Anayeandika ni Gilbert, mimi nasema yeye anaandika, kalamu imekuwa nzito.

Barua ya Fauzia ilifika kwanza. Yako ikaja nyuma yake. Nimeisoma mara nyingi. Ile ya Machi nayo ilikuwa na fatiha, na mwalimu, na Fauzia akiwa wa kwanza. Nikaziweka pamoja kitandani, nikazitazama. Nitajuaje, dada? Mwandiko ni mmoja.

Sina hasira nawe. Ulikuwa mbali, ungefanya nini, ungeniacha nife? Ulitaka nipone, ulichukua njia fupi. Lakini sasa usiniandikie tena kuwa wamesamehe. Niandikie habari za mama tu, kama mguu unakanyaga.

Luqman

Mama Mwanatumu, mimi Gilbert naongeza hii kando, yeye amelala na hajui. Huyu bro wako hakuli. Dawa zote anaweka chini ya godoro, nimezipata jana. Daktari anasema kama angeendelea vile alikuwa anameza Aprili, saa hii angekuwa kazini. Mimi si Muislamu na haya mambo yenu siyajui. Lakini barua ingine usitume, hawezi kuamini karatasi. Kuja wewe, na huyo Fauzia umlete hata kama ni kwa kumbeba, amwambie na mdomo wake. Kujeni haraka, kama mtampata akiwa hai.